Nilivyojipima ADHD kwa daftari la vipimo na faini za kikoba

Wale wanaosambaza video za "dalili tatu kwamba una ADHD", ile hali ya ubongo ya kukosa umakini au kutotulia, naomba wapumzike kidogo. Niliziangalia mpaka bando likaisha. Moja inasema ukisahau funguo, unayo. Nyingine inasema ukirudia wimbo mmoja siku nzima, unayo. Kwa kipimo hicho mtaa wetu wote wa Tandika unayo, mjumbe wa shina akiwemo.

Kuna kundi la pili linaniudhi zaidi. Hao wanasema hayo ni mambo ya watoto wa Kizungu, na kwamba mtu mzima asiyemaliza kazi ni mvivu: aamke mapema, aswali, anywe maji ya moto na ndimu. Mimi naamka saa kumi alfajiri. Naswali. Ndimu nimekunywa mpaka kiungulia. Magauni ya watu bado hayakuwa na vifungo.

Nashona nguo za kike, na huu ufundi ndio ulionificha miaka yote. Karani akichelewesha kazi ataitwa ofisini, lakini fundi akisema "njoo kesho" nani atashangaa? Watu wanacheka tu, wanasema mafundi ndivyo walivyo. Ila mafundi wenzangu wanachelewa kwa sababu wamepokea kazi nyingi kuliko mikono yao. Mimi nguo inakuwa imekwisha! Imekatwa, imeungwa, imepigwa oveloki, kola nimeitia darizi nusu siku bila kusikia njaa wala simu. Vimebaki vifungo vinne na upindo wa chini, kazi ya muda mfupi wa kuchemsha chai. Hapo ndipo mwili unagoma. Naitundika ukutani, navuta kitambaa kipya, nakata. Kuna kipindi ukuta wangu ulikuwa na safu ya magauni mazuri kabisa, na hakuna hata moja linalovalika.

Aliyenifumbua macho ni mwanangu wa pili. Shuleni walimchoka, tukaelekezwa kwa daktari, akamchunguza akasema ana ADHD. Akatueleza kuwa ni hali ya ubongo inayoanzia utotoni: mtu anashindwa kushikilia umakini, au hatulii na anakurupuka, au yote kwa pamoja. Akaongeza kuwa aghalabu inatembea kwenye familia. Kisha akauliza kama nyumbani kuna mtu mzima wa namna hiyo. Baba Nasra hakufungua mdomo. Alinigeukia tu.

Daktari akanitajia dodoso la ASRS, la watu wazima, lililotengenezwa na Shirika la Afya Duniani pamoja na watafiti na kutangazwa mwaka 2005. Lina maswali 18, na sita ya mwanzo ndiyo ya kuchuja. Unajibu kwa kuchagua: kamwe, mara chache, wakati mwingine, mara nyingi, mara nyingi sana. Mpwa wangu anayesoma uuguzi alinipakulia, akanisomea swali moja moja kwa Kiswahili huku mimi nikitia tiki.

Sasa sikilizeni nilivyolijaza mara ya kwanza. Ilikuwa kumi la mwisho la Ramadhani. Kama hujawahi kukaa kwa fundi wa nguo za kike wakati huo, hujui dunia. Wateja wanakaa mpaka juu ya kabati. Mmoja analia, mwingine ameleta kitambaa siku mbili kabla ya Idi na picha ya mshono wa bibi harusi kwenye simu. Nilikuwa nalala kidogo sana, bobini zinapotea, mkasi nilimkuta nao mtoto wa jirani akikatia mboga. Ndipo nikaulizwa: je, unapata shida kukumbuka miadi? Mara nyingi sana! Unapata shida kupanga kazi? Mara nyingi sana! Nilitia tiki kwa hasira mpaka karatasi ikatoboka. Tulipomaliza, majibu yote yalikuwa upande wa kulia kabisa. Mpwa wangu akaniangalia, akasema, "Shangazi, kumi hili hata cherehani yenyewe ina ADHD."

Dodoso linauliza kuhusu miezi sita iliyopita. Halikuulizi wiki yenye moto. Ukilijaza umefiwa, una mimba changa, umetoka kugombana au hujalala, litakupa jibu la msiba wako. Tukaichana, tukasubiri sikukuu ipite.

Mara ya pili nilitaka shahidi, maana kichwa kinachosahau hakiwezi kuaminiwa kusimulia kinavyosahau. Nikampa baba Nasra nakala yake anijazie. Wanawake wenzangu, msifanye hivyo bila kujiandaa. Yule bwana alikaa nayo barazani kama anaandika wosia. Kila swali alilikumbukia kesi. Maharage yaliyoungua siku ya wageni wake, umeme wa LUKU uliokatika katikati ya mechi, shati lake lililokaa dukani kwangu toka mwaka juzi likisubiri zipu. (Shati halina zipu. Ilikuwa suruali.) Jibu lake lote likawa "mara nyingi sana", na chini akaongeza malalamiko mawili ambayo hata hayakuulizwa. Nikampelekea dada yangu, yeye akatia "kamwe" kuanzia juu mpaka chini, kwa kuwa hataki mdogo wake aandikwe ugonjwa wa akili. Nikabaki na karatasi mbili, moja ya mdai na moja ya wakili wangu.

Basi nikapata akili, na hapa naomba mnipe sifa zangu. Nikauliza: ni wapi pameandikwa mambo yangu na watu wasiokuwa na habari ya ADHD? Pa kwanza ni daftari langu la vipimo. Kila oda ina tarehe niliyoahidi, na mteja akichukua nguo naandika tarehe aliyochukua, kwa ajili ya salio. Nikafungua kurasa za miezi sita, kalamu nyekundu mkononi. Zaidi ya nusu zilipita ahadi, na pembeni nimeandika kwa mkono wangu mwenyewe: bado vifungo, bado upindo, bado vifungo, bado kulabu. Oda ngumu, zile za darizi na za bibi harusi, zilitoka kwa wakati. Zilizochelewa ni nyepesi. Dodoso linaanza na swali hilohilo hasa: mara ngapi unapata shida kumalizia vitu vidogo vya mwisho vya kazi, wakati sehemu ngumu umeshaimaliza? Nililisoma nikacheka peke yangu dukani, mteja akadhani namcheka yeye.

Pa pili ni kikoba. Kikoba chetu kina faini ya kuchelewa na faini ya kusahau hisa, na mweka hazina wetu ni mwanamke asiyesamehe hata mvua. Nikamwomba anionyeshe ukurasa wangu. Akasema, "Mama Nasra, wewe huna ukurasa, una kurasa." Na kweli. Tunakutana siku ileile, saa ileile, nyumba ya nne kutoka kwangu. Nikijumlisha faini zile napata karibu bei ya pasi mpya.

Na ushahidi huo nikajibu upya, safari hii taratibu. Maswali matatu ya kwanza, kumalizia, kupanga na kukumbuka miadi, yanahesabiwa kuanzia "wakati mwingine". Matatu yanayofuata yanahesabiwa kuanzia "mara nyingi" tu, na hilo video haziwaambii. La nne linahusu kukwepa kuanza kazi inayotaka kufikiri sana: kwangu ni hesabu ya vitambaa vya sare za kamati ya harusi, ambayo naweza kuizunguka siku tatu nikifagia. La tano ni kuchezesha mikono au miguu ukikaa muda mrefu. Kanga yangu ya kikoba haina nyuzi za pindo tena, nimezinyofoa zote vikaoni. La sita, kujihisi unasukumwa na injini, nikasema wakati mwingine, kwa hiyo halikuhesabiwa. Alama nne kwenda juu unashauriwa umwone mtaalamu. Mimi nilikuwa na tano.

Dodoso ni chekeche. Linabakiza wanaofaa kuangaliwa, na pumba kidogo zinabaki nao. Kwa hiyo msifanye kama jirani yangu aliyetaka nimwazime vidonge vya mwanangu "ajaribu na yeye". Dawa hizi zina udhibiti, zinagusa presha na mapigo ya moyo, na ya mtoto ni ya mtoto.

Kituo cha kwanza nilichokwenda sikitaji jina. Mhudumu alisikiliza nusu, akasema ADHD inaisha mtu akibalehe, akaniandikia vitamini. Nilizinywa, zilikuwa na rangi nzuri. Ukweli ni kwamba ADHD wengi inawafuata ukubwani, ila inabadilika sura. Kule kukimbiakimbia kunaingia ndani, anabaki mtu mzima aliyekaa kimya na kichwa kinachoruka. Wasichana waliokuwa wametulia darasani wakiota ndoto za mchana hawaonekani kabisa, kwa kuwa hawakumsumbua mwalimu.

Kwa daktari wa akili wa hospitali ya serikali ndiko nilikosikilizwa. Foleni ndefu, nendeni na chakula. Hela yenyewe, ukijumlisha kumwona daktari, vipimo na nauli za daladala, haikufika ushonaji wa gauni moja la send-off. Hakuniuliza habari za ADHD mwanzoni. Aliuliza usingizi, kukoroma, hedhi, huzuni, wasiwasi, pombe, na kama kuna vipindi najiona naweza kila kitu na silali siku kadhaa. Akapima presha, akaagiza damu na tezi ya shingo. Sonona na kukosa usingizi vinaweza kuvuruga umakini vilevile, na tezi nayo pia. Tezi ilikuwa sawa. Damu ilikuwa kidogo, nikapewa vidonge vya madini ya chuma. Nilifurahi kweli, nikawaambia watu tatizo lilikuwa damu tu. Wiki zikapita, damu ikapanda, ngazi napanda bila kuhema. Vifungo vikabaki palepale.

Niliporudi akataka kujua utoto. Kwa mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani, toleo la 2013, dalili kadhaa ziwe zilikuwepo kabla ya miaka 12, zionekane sehemu mbili au zaidi, na ziwe zinaharibu maisha. Mtoto anahitaji dalili sita katika kundi la umakini au la kutotulia, wenye miaka 17 na kuendelea tano. Sehemu mbili ninazo: duka na jiko. Utoto nikaufuata Muheza kwa mama.

Mama alianza kwa kukana. "Wewe hukuwa mgonjwa, ulikuwa na mambo mengi tu." Nikamwachia, nikamenya nazi. Baada ya muda akaanza mwenyewe: nilikuwa nikitumwa chumvi narudi na ukwaju, na chumvi nimeiacha dukani imeshalipiwa; nilipoteza kiatu cha kushoto mara nyingi mpaka akaacha kuninunulia vya kamba. Nikamwomba sanduku la bati. Chini ya vyeti vya kliniki zilikuwepo ripoti zangu za shule ya msingi, karatasi zimegeuka rangi ya chai. Darasa la tatu mwalimu ameandika: "Ana uwezo mkubwa, hamalizi kazi." Darasa la nne, mwalimu mwingine: "Ajitahidi kumaliza kazi." La tano: "Anasahau madaftari." Walimu watatu tofauti, na hakuna aliyesoma cha mwenzake. Nilizipiga picha hapohapo, kwa sababu najijua, ningeziacha kwenye basi.

Daktari alizisoma polepole kuliko alivyosoma dodoso. Daftari la vipimo alilipindua kurasa, akaniuliza "bado kulabu" ni nini. Siku hiyo akasema ndiyo, ni ADHD, ile ya kukosa umakini zaidi. Wanaosema jina halisaidii hawajawahi kuitwa mwongo na mteja aliyekuja mara nne. Nililia kidogo kwenye daladala, konda akanisamehe nauli akidhani nimefiwa. Sikumsahihisha.

Shehe wa jirani alikuwa ameshaniambia nimerogwa, kuna kitu kimewekwa ndani ya cherehani. Kwa heshima nikaifungua. Kulikuwa na nyuzi na shilingi mia mbili.

Kuhusu dawa, tuliyozungumza na daktari nayaacha kwake, kwa kuwa mwili wako si wangu. Ya dukani nayasema. Nimemwajiri binti wa umaliziaji, anapenda vifungo kama wengine wanavyopenda pipi, namlipa kwa kila nguo. Sikati kitambaa kipya asubuhi kabla nguo moja haijashuka ukutani. Kengele za simu nilizijaribu, kila nusu saa, mpaka wateja wakawa wanaimba nazo, nikaziacha. Kinachonifaa ni mteja kukaa benchi. Mtu akiniangalia, nafunga vifungo vinne kama mchezo. Na siku hizi nachukua advansi nusu tu, kwa sababu nikishalipwa yote ile nguo inatoka kichwani.

Ukuta una magauni mawili. Moja ni la dada yangu, asubiri.

Kikoba nacho nilikijaribu. Nilipeleka karatasi ya daktari kwenye kikao, nikasimama, nikaeleza vizuri kabisa, nikaomba faini ya kuchelewa ipunguzwe. Mweka hazina aliisoma mbele na nyuma, akasema amenipa pole kutoka moyoni, ila katiba haina kipengele hicho, na nimekuja kuwasilisha ombi nikiwa nimechelewa. Elfu mbili.