Nahodha Aliponitazama

Tulivuka Likoni, Mombasa, kabla jua halijatoka, tukienda kucheza raga Dar es Salaam: vijana 22, mimi kocha wao, na gunia la mipira sita ya umbo la yai. Abiria hushuka basini pale na kuingia kivukoni kwa miguu, kwa hiyo niliwahesabu mmoja mmoja wakishuka, nikawahesabu tena ng'ambo wakipanda. Ukunda nikawahesabu. Mpakani Horohoro pasipoti zote nilizikusanya mimi, nikazipeleka dirishani mimi, na kila alichouliza afisa wa uhamiaji nilikijibu mimi. Nahodha wetu, kijana wa miaka 19 anayecheza namba nane, alisimama nyuma yangu mikono mfukoni. Sikulitilia maanani siku ile.

Njia ni ndefu ila ina mengi ya kutazama. Mashamba ya mkonge ya Tanga, machungwa ya Muheza yakiinuliwa hadi madirishani, wali wa haraka pale Segera huku dereva akipiga honi, kisha Chalinze na misururu ya malori. Stendi ya Magufuli, Mbezi, tuliingia giza limeshatanda. Daladala hadi Kimara, halafu mwendokasi hadi mjini. Vijana walisimama njia nzima wakitazama jinsi basi linavyopita kwenye barabara yake peke yake, foleni ikibaki pembeni.

Wenyeji wetu walitupokea kwa maji baridi na pole za safari. "Mwalimu, karibu sana. Vijana hawajachoka sana?" Dar kocha huitwa mwalimu, na neno hilo lilinikaa moyoni usiku ule. Mwalimu hufundisha mwaka mzima, lakini haingii chumba cha mtihani kumjibia mwanafunzi. Kesho yake mimi nilimjibia.

Mechi ilianza Jumamosi saa kumi, joto likiwa bado limelala juu ya nyasi. Kiwanja hakikuwa na jukwaa, nikasimama kando ya mstari. Katika raga ya kimataifa kocha mkuu kwa kawaida hukaa juu, na vifaa vya mawasiliano masikioni. Aliyezoea soka hushangaa, maana kocha anayemjua yeye hutembea kando ya uwanja akipiga kelele dakika tisini. Kwenye raga mwenye sauti ni nahodha. Ndiye anayezungumza na mwamuzi kwa niaba ya wenzake, na penalti ikipatikana ndiye anayeamua: mpira upigwe kati ya nguzo mpate pointi tatu zenye uhakika zaidi, utolewe nje karibu na mstari wa wapinzani ili urushwe pale, au mwombe skramu, pale watu wa mbele wa timu zote mbili wanapofungamana na kusukumana wakigombea mpira, mtafute trai, yaani kuuweka mpira chini nyuma ya mstari wa wapinzani, yenye pointi tano. Marehemu Benjamin Ayimba alikuwa nahodha wa Kenya kabla ya kuwa kocha wake, na ndiye aliyekuwa kocha tulipowafunga Fiji 30–7 kwenye fainali ya raga ya wachezaji saba ya Singapore mwaka 2016. Nimekuwa nikiamini kwamba aliyewahi kuubeba uamuzi ule uwanjani anajua vizuri zaidi kukaa kimya. Mimi sikuwahi kuwa nahodha.

Dakika ya mwisho tulikuwa nyuma 14–17. Tukapata penalti, kama mita ishirini kutoka mstari wao, upande wa kushoto. Nahodha akawatazama watu wake wa mstari wa mbele. Akawatazama vijana wa Dar wakiinuka taratibu kutoka chini. Kisha akageuka, akanitazama mimi. Sekunde moja tu. Nikanyoosha mikono yote miwili juu: nguzo. Akamwambia mwamuzi. Mpigaji wetu akapiga, mpira ukapita nje kidogo ya nguzo ya kulia, na filimbi ikalia.

Jioni wenyeji walitupeleka Coco Beach kula mihogo na pilipili. Nahodha alikaa karibu nami mchangani, akala kimya hadi sahani ikaisha.

"Kocha, skramu yao ilikuwa imeisha," akasema. "Zile mbili za mwisho nilikuwa nasikia miguu yao inateleza."

"Sasa mbona hukuomba skramu?"

"Nilikuangalia wewe, Kocha."

Sikuwa na la kumjibu. Nikamsimulia Kombe la Dunia la 2015, lililochezwa Uingereza. Tarehe 19 Septemba, mjini Brighton, Japani walikuwa nyuma 29–32 dhidi ya Afrika Kusini, wakati ule mabingwa mara mbili wa dunia. Muda umekwisha, penalti ni yao. Kocha wao Eddie Jones, kule juu, alitaka wapige nguzo watoke sare, na sare peke yake na Afrika Kusini ingetikisa dunia. Nahodha Michael Leitch akaomba skramu. Afrika Kusini walikuwa wamebaki 14 badala ya 15, na aliyekuwa nje kwa kadi ya njano alikuwa mtu wa mstari wa mbele, pale pale skramu inapobebwa. Mpira ukazungushwa hadi pembeni, Karne Hesketh akaanguka nao kwenye kona. Japani 34, Afrika Kusini 32.

"Leitch hakumwangalia kocha," kijana akasema.

Nikamwambia asubiri. Siku saba baadaye, Twickenham, England walikuwa nyuma 25–28 dhidi ya Wales. Pointi zile zile tatu, dakika zile zile za mwisho. Nahodha Chris Robshaw naye akakataa nguzo, mpira ukapelekwa kona, ukarushwa, na Wales wakawasukuma wote nje ya uwanja. Wiki iliyofuata Australia wakawafunga 33–13, wenyeji wakatolewa hatua ya makundi. Kocha Stuart Lancaster aliondoka kabla mwaka haujaisha, na nafasi yake akapewa Eddie Jones, yule yule aliyetaka nguzo kule Brighton. Jones alimpa unahodha Dylan Hartley, lakini Robshaw aliendelea kumchezesha.

Leitch anasifiwa na Robshaw analaumiwa kwa sababu ya matokeo. Mimi siwatenganishi. Wote wawili walisoma mechi wakiwa ndani yake, wakaamua, wakasimama na uamuzi wao. Kijana wangu alikuwa amesoma mechi sawasawa, na mimi sikumwachia hata nafasi ya kukosea.

Jumapili asubuhi tulishuka Feri kutazama samaki wakinadiwa. Mzee mmoja alikuwa akikunja tanga. Nikamwamkia, na mazungumzo yakafika kwenye neno nahodha, maana alikuwa nahodha wa chombo tangu ujanani. Nikamuuliza mwenye chombo humwelekeza vipi akiwa baharini.

"Tajiri yuko nchi kavu, mwanangu. Tukiagana hapa ananiambia anachotaka. Huko nje upepo naupata mimi."

Kwetu husemwa manahodha wengi chombo huenda mrama, na nimeitumia methali hiyo mara nyingi kuwanyamazisha wachezaji wanaobishana uwanjani. Sikuwahi kuisikia ikinihusu mimi.

Jumatatu tukaanza safari ya kurudi. Tulifika Lunga Lunga, upande wa Kenya wa mpaka, alasiri, tukapanga foleni.

"Kiongozi wa msafara ni nani?" afisa akauliza.

Fungu la pasipoti lilikuwa begini mwangu. Nikalitoa, nikampa nahodha, nikarudi nyuma kwenye foleni. Aliulizwa tunatoka wapi, tulifuata nini Dar, tumelala wapi. Sauti yake ilitetemeka kwenye swali la kwanza, kisha ikatulia. Mihuri ilipogongwa akasimama mlangoni mwa basi akaanza kutuhesabu, akigusa kila mmoja begani, hadi akafika kwangu.

"Ishirini na tatu," akasema, akamfanyia dereva ishara tuondoke.