Kilo Nane

Mimba yangu ya kwanza ilipokaribia miezi mitatu, bangili zangu za harusi zilianza kunivuka zenyewe nikinawa mikono. Nikazifunga kwenye leso, nikaziweka kabatini.

Tulikuwa tukikaa Shela, kisiwani Lamu, kwa wazazi wa mume wangu. Kila aliyekuja kunitazama alikuwa na lake: kunywa chai ya tangawizi, lamba ndimu na chumvi, mimba si ugonjwa. Mavyaa wangu alizaa watoto wake wote nyumbani na hakumbuki kulala hata siku moja kwa ajili ya mimba. Aliniletea madafu, achari ya embe, uji wa mchele. Vyote alileta kwa mapenzi, na vyote vilirudi. Ikafika hadi mate yangu mwenyewe siwezi kuyameza, nayatema koponi. Kitunguu kikikaangwa nyumba ya tatu, mimi natapika nyongo. Na bado nikiwasikia wanawake ukumbini wakisema nadeka, wasichana wa siku hizi hawana ustahimilivu. Neno hilo liliniuma kuliko tumbo lenyewe. Chooni nilikuwa nikienda kwa kutambaa.

Siku niliyoshinda bila kukojoa mpaka magharibi, mume wangu hakutaka ushauri wa mtu. Asubuhi yake alinishika mkono hadi kwenye boti ya kwenda mjini. Harufu ya petroli ya ile injini naikumbuka hadi leo.

Hospitalini nesi alinipandisha kwenye mizani: kilo 50. Akafungua kitabu changu cha kliniki. Nilikuwa nimejiandikisha mapema, na humo imeandikwa 58. Akanyamaza kidogo.

"Dada, hiki si kichefuchefu cha kawaida cha mimba. Mama akipoteza zaidi ya asilimia 5 ya uzito wake kwa kutapika, huyo ni mgonjwa. Unaitwa hyperemesis gravidarum, ugonjwa wa kutapika kupita kiasi wakati wa mimba. Wewe umepita asilimia 13."

Vijitone vya mkojo nilivyovipata kwa taabu vilikuwa vya rangi ya chai ya rangi. Alichovya kijiti cha kupimia, na kile kiraba cha ketoni kikageuka mbele ya macho yangu, waridi, kisha zambarau iliyokoza. Akanieleza kwamba mwili ukikosa chakula huanza kuchoma mafuta yake wenyewe, na ketoni ndizo zinazobaki. Akaita daktari.

Nililazwa. Nikatundikiwa maji ya chumvi, nikachomwa dawa ya kuzuia kutapika, na vitamini B1 kabla ya kupewa maji yoyote yenye sukari. Daktari alisisitiza mpangilio huo, kwa kuwa aliyekaa muda mrefu bila kula akipewa sukari kabla ya B1, ubongo wake unaweza kudhurika. Nilipokojoa sana kwa mara ya kwanza usiku ule, nililia kwa furaha.

Sikupona siku hiyo. Nilirudi kutundikiwa maji tena, na hadi mimba ilipopita wiki ya 20 ndipo nilipokula sahani ya wali wa nazi ikakaa tumboni. Binti yangu alizaliwa mzima, akilia kwa nguvu.

Binti alikuwa keshaanza shule mwaka 2023, utafiti ulipotoka katika jarida la Nature. Miongoni mwa walioufanya ni Marlena Fejzo, ambaye mwenyewe aliwahi kupoteza mimba kwa ugonjwa huu. Walionyesha kwamba mtoto tumboni na kondo lake hutoa homoni iitwayo GDF15, na mwanamke ambaye mwili wake ulikuwa nayo kidogo kabla ya kushika mimba huathirika zaidi inapopanda ghafla. Nilimsomea mavyaa wangu habari hiyo sentensi kwa sentensi, nikimfafanulia. Aliniambia nirudie pale pa homoni. Nikarudia.

"Basi wale waliokaa ukumbini wakakusema," akasema, "nitawapitia mmoja mmoja."

Na aliwapitia kweli, wiki hiyo hiyo, akianza na dada yake.