Nilivyotengeneza bomba jipya la karabai ya babu

Karabai ya babu, taa ya mafuta ya taa inayojazwa hewa kwa pampu, ilikaa miaka kumi na mmoja ndani ya banda la kuku kule Homa Bay. Babu alipofariki hakuna aliyekuwa na haja nayo. Wavuvi wa omena walikuwa wanahamia taa za sola, na nyanya akaitundika kwenye msumari juu ya viota. Mwaka jana alipokuja kukaa nasi Umoja, Nairobi, aliileta ndani ya gunia, akaiweka mezani na kuniambia, "Mjukuu wangu, wewe hutengeneza pampu za watu. Nitengenezee na hii."

Ni kweli, kazi yangu ni pampu za visima, kwa hiyo nilidhani ningeimaliza Jumamosi moja. Tangi lilikuwa zima. Ubovu ulikuwa kwenye bomba la pampu, lile lililolehemiwa ndani ya tangi, ambamo ngozi hupanda na kushuka ikisukuma hewa. Lilikuwa na nyufa tatu nyembamba kama unywele, zote zimenyooka kufuata urefu wa bomba, na hapakuwa na alama yoyote ya kugongwa.

Nyufa za namna hiyo nilikuwa nimefundishwa chuoni. Zamani jeshi la Uingereza kule India lilikuwa likiweka risasi zake karibu na mazizi ya farasi, na msimu wa mvua ukifika maganda ya shaba yalipasuka yenyewe bila kuguswa. Chanzo kilikuwa amonia itokayo kwenye mikojo ya farasi. Shaba ya njano, yaani brasi, iliyovutwa ikiwa baridi hubaki na mkazo ndani yake, na amonia pamoja na unyevu huufungua mkazo huo kwa kuipasua. Mbolea ya kuku nayo hutoa amonia nyingi. Nyanya aliitundika pale kwa nia njema, na sikumwambia lolote kuhusu hilo.

Spea sikupata. Nilizunguka Kirinyaga Road, ile wazee wanayoiita Grogan bado, nikaingia Nyamakima, nikauliza River Road. Wengi walinionyesha karabai mpya zilizoagizwa nje, ambazo bomba lake lilikuwa jembamba kuliko langu. La kwangu lilikuwa na kipenyo cha milimita 19 kwa nje na 17 kwa ndani. Ngozi ya pampu ikilegea hata nusu milimita, hewa hurudi nyuma na taa haiwaki.

Basi nikaamua kulitengeneza mwenyewe, na hapa nilikosea kwanza. Nilinunua nondo ya shaba, ile mafundi wanayoiita brasi ya kukereza, nikaipeleka kwa fundi wa lethi, mashine ya kukereza, Kariobangi Light Industries. Kutoboa shimo refu huku ukiacha ukuta wa milimita moja ni kazi ngumu, lakini alijitahidi na likatoka zuri. Shida ilikuja nilipotaka kukunja mdomo wa bomba kwenda nje ili ukalie bega la tangi. Ulipasuka sehemu nne, pwa pwa pwa pwa, kama biskuti. Brasi ya kukereza huchanganywa na madini ya risasi (lead, si risasi za bunduki) kidogo, kama asilimia 3, ili ikatike vizuri kwenye mashine. Risasi hiyo hiyo huifanya isikubali kukunjwa. Fundi aliniokotea vumbi lililoanguka chini ya lethi akaniwekea kiganjani: chembe fupi fupi kama mchanga. "Brasi ya kuvutwa haitoi hivi, kijana wangu," akasema. "Hiyo hutoka ndefu, inajisokota kama utepe."

Nilichohitaji kilikuwa shaba yenye takriban sehemu 70 za shaba nyekundu na 30 za zinki, aina ile ile ya maganda ya risasi. Haiuzwi kwa vipande katika duka la kawaida. Ilinibidi niitafute kwenye vyuma chakavu, nikiwa na sumaku mfukoni. Fimbo za mapazia zilivutwa na sumaku papo hapo. Zilikuwa chuma kilichopakwa rangi ya dhahabu. Antena za redio ni shaba kweli, ila nyembamba mno. Wiki ya tatu, kwa muuza chuma chakavu karibu na Gikomba, nikaona pampu ya zamani ya kunyunyizia kahawa dawa, ya shaba tupu, imebondeka tangi lakini silinda yake imenyooka. Nilikata pete ndogo mwishoni na kuibana kwenye jiliwa mpaka pande zake zikagusana. Haikupasuka. Nilidai risiti kabla ya kuondoka, na ninakushauri uidai pia. Tangu sheria ya chuma chakavu ya 2015 muuzaji anatakiwa awe na leseni, na hutaki kubeba shaba mjini bila karatasi.

Silinda hiyo ilikuwa na milimita 22 kwa nje. Nilihitaji 19. Fundi alinikerezea kalibu tatu kutoka ekseli kuukuu ya gari: tundu la 21, la 20 na la 19, kila moja na mdomo mpana unaopungua polepole, likiwa limesuguliwa kwa msasa mpaka linang'aa. Unapaka bomba grisi, unalisukuma ndani ya kalibu kwa jeki, nalo linatoka upande wa pili likiwa jembamba. Nilijaribu kuruka kalibu ya kwanza kwa haraka, nikaanzia ya 20. Bomba lilikunjamana ubavuni na sentimita sita za shaba adimu zikaenda bure. Baada ya hapo nilifuata milimita moja moja.

Kila linapopita kalibu, shaba huwa ngumu. Ukilisukuma tena bila kulilainisha, litapasuka. Kuilainisha ni kuipasha moto, na kazi hiyo niliifanya jioni, taa zimezimwa, kwa sababu mchana huwezi kuona rangi sahihi. Unazungusha bomba juu ya tochi ya gesi bila kusimama. Kwanza linapiga upinde wa mvua, kisha linakuwa kijivu, halafu kwenye giza unaona wekundu hafifu sana, kama makaa yaliyofunikwa na jivu. Hapo acha. Likifika rangi ya chungwa umelichoma, na moshi mweupe ukitokea hiyo ni zinki inayotoka, nayo ina madhara kifuani. Wengi hudhani ukilitumbukiza majini litakuwa gumu kama chuma cha kisu. Shaba haiko hivyo. Ipoe taratibu au ghafla, ulaini ni ule ule. Mimi nililitumbukiza ili nisingoje, kisha nikalisugua kwa ndimu na chumvi kuondoa weusi.

Baada ya kalibu ya mwisho sikulilainisha lote, kwani nilitaka ukuta wake ubaki imara. Nililisimamisha wima ndani ya mkebe wa maji, ukingo tu ukiwa juu kama sentimita mbili, nikaupasha moto ukingo peke yake. Mdomo ukalainika, chini kukabaki kugumu. Ulikunjika kwenda nje bila hata ufa. Kusema kweli nilikaa nikiutazama muda mrefu.

Ndani, ukuta ulikuwa umenenepa kidogo kwa kubanwa, kipenyo kikawa pungufu ya 17. Nilizungushia msasa kwenye mti wa ufagio, nikausugua kwa jioni mbili. Kisha bomba likaingia kwenye oveni ya jikoni, nyuzi 250 kwa saa moja, kuutoa ule mkazo uliobaki ili lisije likapasuka kama la kwanza.

Tangi nililiosha kwa maji moto na sabuni mara nyingi na kuliacha wazi siku nne. Usipeleke moto kwenye tangi linalonuka mafuta ya taa. Kulehemu kulichukua nusu saa. Ngozi nilikatiwa na mshona viatu wa soko la Kariokor, nikailoweka kwenye mafuta usiku kucha. Nilipolizamisha tangi kwenye karai na kulijaza hewa hakikutoka kipovu hata kimoja.

Nyanya ndiye aliyemimina spiriti na kuiwasha. Alingoja mpaka moto wa buluu unakaribia kuisha ndipo akafungua vali, jinsi babu alivyokuwa akifanya, na ile sauti ya kufoka ikajaa sebule. Kisoksi, kile kitambaa kinachotoa mwanga, kikawa cheupe. Mke wangu akazima balbu ya ukutani.

"Pampu tena kidogo," nyanya akasema. "Yeye alikuwa akiongeza mara kumi na tano."

Nikaongeza kumi na tano.