Kutoka Uani hadi Gizani: Siku Moja Thanjavur

Shangazi anaendelea vizuri baada ya upasuaji wake hapa Chennai, kusini mwa India, na juzi aliponiruhusu nimwache kwa siku mbili, nilipanda treni ya usiku kwenda Thanjavur kuliona hekalu la Brihadisvara, la mungu wa Kihindu Shiva, ambalo mfalme Rajaraja wa Kwanza wa ukoo wa Chola alilikamilisha mwaka 1010.

Hekalu linaelekea mashariki, na mgeni hupita malango mawili yaliyosheheni sanamu kabla ya kutokea katika ua uliozungushiwa ukuta, wenye urefu wa takriban mita 240 na upana wa nusu yake. Viatu huachwa nje; kufikia saa tano asubuhi mawe yalikuwa yakiniunguza nyayo, nikawa natembea kwa kufuata vivuli. Uani, chini ya banda lililojengwa karne nyingi baadaye, amelala Nandi, fahali wa Shiva, aliyechongwa katika jiwe moja, akimtazama bwana wake.

Kutoka kwa Nandi hadi kwa Shiva ni mstari ulionyooka: ngazi, kumbi za nguzo, kisha chumba cha ndani kabisa, ambacho kwa Kisanskriti huitwa garbhagriha, yaani nyumba ya tumbo la uzazi. Kadiri foleni ilivyosogea mwanga ulipungua, hata nilipofika mbele sikuona ila taa za mafuta na umbo kubwa jeusi la lingamu, nguzo ya jiwe inayomwakilisha Shiva. Nikaikumbuka nyumba ya bibi Lamu, ambako mgeni hukomea daka, yaani ukumbi wa mlangoni, jamaa hufika kiwanda, yaani ua wa ndani, na misana, vyumba virefu vinavyofuata, na ndani ni kwa wenyewe, huku sakafu ikipanda kidogo kila uingiapo chumba kingine.

Juu ya giza hilo ndipo unaposimama mnara wa itale, vimana, wenye kimo cha takriban mita 60. Katika mahekalu yaliyofuata, kama lile la Minakshi kule Madurai, malango ndiyo yaliyorefushwa na patakatifu pakabaki chini, pamefichika. Hapa lango linanyenyekea na kimo chote kimewekwa palipo na mungu. Naupenda zaidi mpango huu wa zamani, kwa sababu anayeutazama mnara kutoka mbali anajua hasa aendako.

Nilizunguka kitako chake nikiuweka mkono wa kulia upande wa ukuta, kama wafanyavyo waumini. Kimejaa maandishi ya Kitamil yanayotaja vito, taa na mashamba yaliyotolewa wakfu, pamoja na orodha ya wanawake wapatao 400 walioletwa kulihudumia hekalu, na nyumba aliyopewa kila mmoja.

Muuza maji langoni alinihakikishia kuwa mnara huu hauangushi kivuli chini. Jioni nilikiona kimelala juu ya mapaa ya kumbi, kikinyoosha kuelekea kwa Nandi.