Pampu ilikuwa inakata, kila mtu akaniambia nipandishe oveloodi

Ukiwa na pampu ya fezi tatu inayojizima yenyewe, na fundi wa kwanza kufika anachomoa bisibisi na kwenda moja kwa moja kwenye oveloodi (kile kifaa kinachokata umeme mota ikivuta ampea kupita kiasi) ili aipandishe, mshike mkono. Nasema hivi kwa sababu ushauri huo nilipewa na karibu kila aliyeingia kwenye chumba chetu cha pampu, wakiwemo watu wazima ninaowaheshimu, na kama ningeufuata leo tungekuwa tunasuka upya koili za mota iliyoungua.

Kiwanda chetu kiko Chang'ombe, Dar es Salaam. Pampu ni ya impela, yaani gurudumu la mapanga linalozunguka na kurusha maji, mota yake kilowati 15, inavuta maji kutoka tangi la ardhini na kuyapandisha kwenye tangi la mnarani. Kuifunga hakukuwa na maneno mengi: msingi wa zege ulioinuliwa ili maji ya masika yasiufikie, natibolti, shafti mbili, ya mota na ya pampu, kunyooshwa kwa dayo geji, ile saa ya kupimia mpishano mdogo. Kunyoosha kwenyewe kunarudiwa baada ya mabomba kukazwa, maana bomba likivutwa kwa nguvu linaipindisha pampu na beringi hazidumu.

Tukawasha. Robo saa hivi, kimya. Tunaiacha ipoe, tunawasha, inakata tena. Na ndani ya pampu kulikuwa na mlio kama kokoto zinakorogwa kwenye karai.

Fundi mmoja mkongwe akafungua paneli, akacheka. "Dada, mbona umeibana hivi? Kibati cha mota kinasema ampea 28, wewe umeweka 16. Ipandishe hiyo mambo yaishe." Mwenye duka tuliyempigia simu akasema tununue mota kubwa zaidi. Mwingine akataka tupitishe waya pembeni ya oveloodi "kwa muda tu", uzalishaji usisimame. Bosi naye alikuwa amesimama mlangoni anaangalia saa.

Nikamwambia yule mzee, "Shikamoo mzee wangu, lakini hapo hapaguswi." Starta yetu ni ya staa-delta, ile inayoanzisha mota taratibu kisha inabadili muungano wa koili, na oveloodi imefungwa baada ya kontakta kuu, yaani swichi kubwa ya sumaku, kwenye waya zinazokwenda moja kwa moja kwenye koili za mota. Pale hapapiti ampea zote 28. Unagawanya kwa 1.73, unapata 16 na ushee. Ukiipandisha mpaka 28, mota inaweza kuvuta ampea 48 kwenye laini, yaani waya zinazoleta umeme, na oveloodi isishtuke. Nimeona paneli nyingi mjini hapa zimepandishwa hivyo, na wenyewe wanalalamika kwamba mota za siku hizi ni feki.

Basi nikachukua klampu mita, ile inayobana waya na kusoma ampea, nikapima waya za laini. Ampea 35 kwenye fezi zote tatu, karibu sawasawa. Hapo nikajua hakuna fezi iliyopotea, kwa sababu ingepotea ingeachana na wenzake. Ilionekana mota inabebeshwa mzigo kweli. Nikazima, nikapiga kufuli kwenye swichi kuu, nikazungusha shafti kwa mkono: laini kabisa, hakuna kinachokwaruza.

Nikageukia geji ya presha upande wa kutolea maji. Ikiwaka ilisoma baa 2 na kitu, yaani mita 22 hivi. Kibati cha pampu kinasema mita 50. Jibu lilikuwa pale pale! Aliyenunua alichukua pampu ya kusukuma maji mita 50 juu, wakati mnara wetu haufiki hata nusu yake. Pampu ya impela ikikosa upinzani inamwaga maji mengi kuliko ilivyopimiwa, na maji mengi ndiyo mzigo wa mota. Zile kokoto nazo zina sababu hiyo hiyo: maji yakipita kwa wingi mno, presha kwenye mdomo wa impela inashuka hadi yanageuka viputo vya mvuke, vikipasuka vinadonoa chuma.

Nikashika valvu ya kutolea, nikaanza kuifunga. Yule mzee akapiga kelele, "Unaiua!" Wengi wanaamini ukibana valvu mota inaelemewa. Kwa pampu hii ni kinyume. Nikamwomba ashike klampu mita mwenyewe asome kwa sauti. Thelathini na nne. Thelathini na moja. Ishirini na nane. Geji ikawa inapanda, kokoto zikapungua, na ampea zilipofika 26 mlio ukapotea kabisa. Akasoma ile namba mara mbili. Siku ile pampu ilikwenda mpaka tangi likajaa, na oveloodi ikabaki kwenye 16 yake.

Nilipiga alama ya rangi kwenye shina la valvu, nikang'oa usukani wake na kuufungia kabatini, asije mtu wa zamu ya usiku akafungua "maji yaje haraka". Lakini usiifunge valvu kabisa pampu ikiwa inazunguka, maji yatachemka mle ndani na sili inayozuia maji kuvuja kwenye shafti itaungua. Kubana valvu pia kunakula umeme bure, kwa hiyo baadaye tulipeleka impela kwenye kerezo Gerezani ikapunguzwa kipenyo kidogo, ikasawazishwa uzito, na sasa valvu imefunguka zaidi.

Chumba tulikitoboa matundu ya hewa, kwa kuwa mota za kawaida zimetengenezwa kwa joto la hewa lisilozidi nyuzi 40, na chini ya bati Februari ya Dar inavuka hapo kirahisi. Kwenye tangi la ardhini tuliweka floti inayozima pampu maji yakishuka. Na kufuli, jamani. Kila fundi ana kufuli lake na ufunguo mmoja mfukoni mwake, pamoja na kibao cha USIWASHE. Usalama kazini una sheria yake nchini, ya mwaka 2003, na mkono ukiwa kwenye kapling, pale mota inapoungana na pampu, hakuna muda wa kupiga kelele.

Kitu cha mwisho nilichoongeza ni rilei ya fezi, inayozima mota fezi moja ikipotea. Niliinunua Kariakoo, haikufika laki. Kusuka mota kama yetu ni laki kadhaa. Usiku mmoja fezi moja ilipotea na rilei ikakata kabla mota haijapata hata joto. Ukinunua, chukua inayoangalia pia volti ikishuka na mpangilio wa fezi, kwa sababu waya zikirudishwa vibaya baada ya matengenezo pampu inazunguka kinyume, na impela iliyokazwa kwenye shafti kwa nyuzi kama za skrubu inaweza kufunguka yenyewe.