Nilivyowapata watazamaji wa Tandahimba bila kuwagawia soda

Kwenye semina moja hapa Mtwara mjini, mwezeshaji alituambia kwamba watu wa kusini ni wazito, hivyo anayejitokeza kwenye igizo shirikishi apewe soda. Ushauri ule unaniudhi mpaka leo. Tuliufuata kijiji kimoja cha Tandahimba, wakajaa watoto. Wazee wenye la kusema juu ya kangomba, ile biashara ya kununua korosho kwa bakuli linalohesabiwa kilo moja, walikaa kimya chini ya mkorosho. Wazito! Mtu aliyewahi kuona lipiko, mchezaji ngoma wa Kimakonde aliyevaa kinyago, likiingia uwanjani, watoto wakitimka na akina mama wakilijibu kwa vigelegele, hawezi kusema hivyo.

Namna tunayoitumia ni ile aliyoieneza Augusto Boal wa Brazili kuanzia miaka ya 1970. Mtazamaji anasimamisha mchezo, anaingia na kushika nafasi ya mhusika. Kisa chetu ni cha mama ambaye mwanawe anaanza kidato cha kwanza na sare hana. Mnunuzi wa kangomba anampa hela Januari, kwa korosho ambazo hata maua hazijatoa.

Sasa jiulize, nani atasema wakati mnunuzi mwenyewe ni mjomba wake na viongozi wamekaa meza kuu wanamtazama? Meza kuu tukaiondoa. Nilitangulia kwenda kumwamkia mwenyekiti, nikamwomba akae mkekani na wazee wenzake. Akakubali bila shida.

Mazoezini kila siku mmoja wetu alikuwa mtazamaji msumbufu: mlevi, mama mwenye hasira, kijana anayetaka kumpiga mnunuzi. Hapo ndipo tulipoamua kutoingia na panga uwanjani, hata la mbao. Mwaka 1974 kule Naples, Italia, msanii Marina Abramović aliwawekea watu vitu 72 wamfanyie watakavyo kwa saa sita, na kimojawapo kilikuwa bastola na risasi yake. Kuna aliyemwelekezea. Hadhira iliyoruhusiwa kila kitu inaweza kufanya kila kitu, kwa hiyo chagua mapema cha kuiachia.

Sisi tuliwaachia bakuli. Nilimwagiza mwigizaji wetu, kijana wa mjini, apime korosho vibaya kwa makusudi: ajaze nusu, alisawazishe kwa kiganja, ahesabu polepole kama muungwana. Bakuli la kwanza watu wakatazamana. La pili wakaguna. La tatu mama mmoja akainuka, akajifunga khanga kiunoni.

"Mwanangu, kangomba hapimi hivyo! Lete hapa."

"Nionyeshe, mama."

Akachuchumaa. Akachota, akatikisa bakuli zikashuka, akaongeza, akazipandisha kwa viganja viwili mpaka zikasimama kama kichuguu, na zilizodondoka akazisogeza upande wa mnunuzi. "Hizo nazo zake." Uwanja ukalipuka. Tukatoa mizani tuliyokuwa tumeificha chini ya mkeka, akamimina mwenyewe, mshale ukapita kilo moja na kuendelea. Tangu hapo sikuwa na kazi ya kumbembeleza mtu.

Mizani tuliazima, korosho walitupa wenyeji, iliyobaki ni nauli na chakula cha waigizaji, hela ya kawaida tu. Ila mwandae anayeigiza katibu wa AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima. Mzee mmoja alishika nafasi ya yule mama, akamgeukia: "Nikija kwako Januari na shida hii, utanipa nini?" Katibu wetu alijua kueleza mnada na malipo ya benki, lakini hayo ni ya Oktoba. Wakabishana mpaka adhana ya magharibi, na mwenyekiti naye akiwa ameingia uwanjani.