Sensa ya chooni kwa Baba: kumbukumbu ya mradi, wiki ya 1 hadi ya 7

Chanzo ni usiku mmoja wa Januari. Baba aliteleza chooni kwake Tanga, akakaa pale sakafuni hadi adhana ya alfajiri, maana Shangazi amelala chumba cha mbele na mzee hakutaka kupiga kelele. Hakuvunjika. Mimi nilipata habari saa nne asubuhi nikiwa kazini Dar, baada ya wote kunywa chai.

Kamera niliikataa mapema. Huwezi kumwekea mzazi kamera chooni. Nilitaka kitu kisichoona mtu, kijue tu kwamba kuna kilichopita.

Wiki ya 1. Kariakoo nimenunua bodi ya ESP8266 (kikompyuta kidogo chenye Wi-Fi), vihisi mwendo viwili aina ya HC-SR501 na swichi ya sumaku ya mlango. Hiyo swichi ni kijichupa cha kioo chenye vibati viwili ndani; sumaku ikikaribia, vinagusana. Ya kwanza niliipasua nikikunja miguu yake. Ukikunja, bana mguu kwa koleo upande wa kioo kwanza.

Kazi kubwa ilikuwa kumwambia mwenyewe. "Baba, nataka kukufungia sensa chooni." Akavua miwani. "Sensa si ilikwisha 2022? Sasa mnahesabu nini, mikojo?" Tangu hapo kifaa kinaitwa Sensa. Alikubali kwa masharti: meseji zije kwangu na kwa Shangazi tu, wakwe wasijue, kisitoe mlio, na kiwe na swichi ya kukizima akiwa na wageni.

Wiki ya 2. Mpango ulikuwa rahisi: mlango ukifungwa, na baada ya hapo kihisi kikaona mwendo, mtu yumo hadi mlango ufunguliwe. Nilihitaji mlango kwa sababu hiki kihisi hakimwoni mtu aliyetulia. Kinasoma joto linalosogea. Aliyekaa kimya kwenye sinki na aliyeanguka, kwake wote hawapo.

Kumbe tangu aanguke, Baba hafungi tena mlango usiku. Anauacha wazi, taa ya koridoni ikiwaka. Mpango mzima chali.

Mchana nako kuna kituko kingine. Choo kiko chini ya bati, na jua la Tanga likiwaka, ukuta unakaribia joto la ngozi ya mtu. Kihisi kinakosa tofauti ya kushika, na Baba anapita mbele yake kama jini. Hilo nimeliacha, kwani shida yetu ni ya usiku.

Wiki ya 3. Swali la Shangazi: "Utajuaje ni yeye, si mimi wala huyu mtoto?" Choo ni kimoja, watu watatu. Nikahamishia kihisi cha pili chini ya kitanda cha Baba, kimelala ubavu, kikitazama ndala zake. Pande mbili nimezikinga kwa gamba la boksi ili kisione koridoni. Miguu ikishuka, kinaandika. Choo kikiona mwendo ndani ya dakika tatu, huyo ni Baba. Akirudi, kitanda kinaandika tena. Zikipita dakika 25 bila kitanda kusema kitu, simu ya Shangazi inaita.

Mlango wa choo hauna tena kazi. Na kile kijichupa nilikuwa nimekilehemu vizuri!

Wiki ya 4. Saa 11 alfajiri simu ikaita. Shangazi akakimbia na kanga moja. Chooni hakuna mtu, kitandani hakuna mtu. Baba yuko msikitini, safu ya mbele. Alitawadha akatoka moja kwa moja. Basi swichi ya sumaku imepata ajira mpya mlango wa mbele: ukifunguliwa baada ya choo, hesabu inafutwa. Shangazi naye anaweza kuufungua, najua, lakini si saa nane usiku.

Kosa la pili lilinichekesha. Meseji iliandika 02:40, Shangazi akaniambia mzee ameamka saa mbili na dakika arobaini, kabla hata hajalala. Nani alaumiwe? Mimi. Nikarudisha saa ya programu nyuma kwa saa sita, nikaiweka kwenye mtindo wa saa 12. Sasa inasema 8:40 kama watu.

Wiki ya 5. Hii sikuitarajia. Baba kwa daktari husema anaamka "mara mbili, tatu hivi". Orodha ya siku kumi ilionyesha tano hadi saba kila usiku, na karibu zote kati ya saa 3 na saa 8. Baada ya hapo, kimya. Nilimwomba ruhusa kwanza, ndipo nikaichapa kwenye karatasi akaenda nayo kliniki.

Daktari aliisoma mara moja akauliza: ile dawa ya kupunguza maji mwilini, ya miguu kuvimba, unakunywa saa ngapi? Baada ya chakula cha usiku, pamoja na nyingine zote, kwa kuwa Shangazi humpa kwa mkupuo asisahau. Ni furosemide. Huanza kazi ndani ya saa moja na kuendelea kwa saa sita hivi, yaani tangu saa mbili na nusu ya chakula hadi zile saa za kwenye karatasi. Akaihamishia asubuhi. Tafadhali, saa za dawa alibadilisha daktari, si mimi na grafu yangu.

Wiki ya 7. Umeme. Ukikatika, ruta inazima, na kimya cha umeme kinafanana na kimya cha usingizi mzuri. Sasa bodi inatuma neno "nipo" kila nusu saa kwenye laptopu yangu ya zamani huku Dar. Isipolipata kwa saa nzima inanipigia kelele, nami nampigia Shangazi. Bado natafuta betri ya kuibeba ruta usiku kucha.

Swichi ya wageni Baba ameitumia mara moja tu, kaka yake alipokuja kutoka Pemba. Alisahau kuiwasha siku mbili. Siku ya tatu alinipigia mwenyewe: "Sensa yako imekufa, au umechoka kunihesabu?"

Usiku wa jana: 5:50 na 10:20.